Somo: Kuitambua mikoko ya Mombasa, kuanzia mzizi hadi tunda

Wanachama, salaam. Pwani ya Kenya ina aina 9 za mikoko, na nyingi tunazo hapahapa Mombasa, katika hori (mikono ya bahari inayoingia bara) za Tudor, Mtwapa na Port Reitz. Lakini watu huihesabu yote kuwa mti mmoja, na siku ya kupanda huchukua mbegu za aina moja wakazichomeka kila penye tope. Zikifa, lawama inaangukia ardhi. Mtu asipande kabla hajajua kutambua.

Kwanza, chagua maji. Nenda wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakishakupwa kabisa, maana utaanza na mizizi. Vaa viatu vya kufunga.

Pili, tazama chini. Ukiona mizizi imetoka juu shinani, ikapinda na kuingia topeni pande zote, huo ni mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata. Vijiti vingi vilivyosimama wima, unene wa penseli, ni vya mchu. Vikiwa vinene, vipana chini na vyembamba juu, ni vya mlilana. Mzizi unaochomoza, ukafanya goti na kurudi topeni ni wa muia. Mkandaa nao una magoti, ila madogo, kwa hiyo hapo usikate shauri bado. Mkomafi una mizizi bapa inayojipinda juu ya tope.

Tatu, geuza jani. La mkoko lina ncha kali, na chini limejaa vidoa vyeusi. La mchu ni la kijivu upande wa chini. Pitisha ulimi juu yake na utaonja chumvi, kwani mti huu huitoa kupitia majani. La mlilana ni nene na karibu duara.

Nne, ua na tunda, na hapa ndipo ubishi unapokwisha. Mkoko, mkandaa na muia ni wa ukoo mmoja, na mbegu zao huota zikiwa bado zinaning'inia mtini. Hesabu ncha za kikombe cha ua: mkoko 4, mkandaa 5, muia kwa kawaida 10 au zaidi, tena kikombe chake huwa chekundu. Mbegu ya mkoko ni ndefu na ina vipele. Ya mkandaa ni nyembamba yenye mifuo. Ya muia ni nene na fupi. Tunda la mkomafi ni tufe kubwa, zito, lenye mbegu za pembepembe ndani. Mti huo ni wa ukoo wa mwarobaini.

Msitegemee majina ya wauza miti. Fito, pau, mazio, boriti na nguzo ni vipimo vya unene, si aina. Fundi wa vyombo atakusaidia zaidi, kwa sababu anaujua mlilana anaochongea mataruma, yaani mbavu za chombo.

MASWALI

Mwanachama wa Jomvu: Shikamoo mwalimu. Huku kuna kimti kifupi, jani lina kibonyo nchani. Wazee wanakiita kikandaa. Ni mkandaa mchanga?

Jibu: Marahaba. Sio. Majani ya mkandaa hutoka mawili mawili yakitazamana. Ya kikandaa hutoka moja moja kwa kupishana. Maua yake ni meupe, madogo. Kikandaa ni wa ukoo wa mkungu tunaokaa kivulini mwake.

Mwanachama wa Mikindani: Mwalimu, kikundi chetu cha kina mama kinataka kupanda mbele kabisa, yanapopiga mawimbi. Tuchomeke mkoko?

Jibu: Hapana, dada yangu. Mawimbi yatazing'oa mbegu zake kabla hazijashika. Mbele ni mahali pa mlilana, na mbegu zake ni ndogo mno, sharti zianze kitaluni. Mkoko uwe nyuma yake, mkandaa juu zaidi. Mchu huota hata karibu na nchi kavu penye chumvi nyingi. Kabla ya yote, angalieni ni miche gani imejiotea hapo; fuateni hiyo.

Mwanachama wa Changamwe: Mbona kule hori ya Mwache mikoko mingi ilikauka?

Jibu: Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilisomba udongo mwingi kutoka bara ukatuama horini na kufukia mizizi. Mizizi hiyo ndiyo pua za mti. Kwa hiyo ukipima eneo la kupanda, pima pia kina cha udongo mpya uliokuja na mto.