Maziwa Yakikatika Kituoni, Pima Keni Pia

Mfugaji wa Muheza au Pongwe anakamua alfajiri, anaosha kiwele, anachuja, anawahi kituo cha kukusanyia maziwa, na bado maziwa yanakatika kwenye kipimo cha alkoholi. Lawama zinamwendea ng'ombe, au joto la Tanga. Ni kweli, ugonjwa wa kiwele na dang'a hukatisha maziwa. Lakini mimi kwanza huomba keni, nipitishe kidole ndani, chini ya shingo, pale brashi isipofika vizuri. Kidole kikiteleza, kuna utando.

Utando huo ni bakteria waliong'ang'ania ukutani na kujifunika ute wao wenyewe, juu ya mabaki ya mafuta, protini na chokaa ya maziwa. Klorini huua walio juu. Wa chini husalimika, na kila maziwa mapya yakimiminwa wengine hubanduka, huingia humo na kuyachachusha hadi yakatike.

Maabara huwahesabu hivi: eneo la sentimita 10 kwa 10 husuguliwa kwa pamba tasa (isiyo na vijidudu), pamba hutikiswa katika mililita 10 za maji tasa, kisha maji hayo huzimuliwa na mililita 1 kupandwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, nyuzi 30 kwa saa 72. Tuseme sahani iliyozimuliwa mara 100 imeota madoa 60, kila doa likihesabiwa kama bakteria mmoja aliyezaliana. Zidisha 60 kwa 100, kisha kwa 10: bakteria 60,000. Gawa kwa 100, unapata 600 kwa kila sentimita ya mraba. Sahani yenye madoa chini ya 30 au zaidi ya 300 isitumike kwa hesabu.

Viongozi wa vyama vya wafugaji wajue jambo hili: kwenye utando, hesabu hiyo huwa ndogo kuliko hali halisi. Pamba haibandui wote, na kishada cha mamia ya bakteria huota doa moja tu. Fundi asugue kwa nguvu, huku na huku, na atikise sana. Jibu dogo kutoka kwenye keni inayoteleza lisikubaliwe, pima tena.

Mfugaji asiye na maabara agawe maziwa ya ng'ombe yule yule: mengine kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, mengine kwenye keni yake. Ayapeleke yote pamoja yapimwe kwa rezazurini, rangi ya buluu inayogeuka waridi haraka bakteria wakiwa wengi. Ya keni yakigeuka waridi mapema huku ya chupa yakiwa bado buluu, ng'ombe hana kosa.

Dawa ni kusugua. Suuza papo hapo kwa maji ya uvuguvugu, kwani ya moto sana hugandisha protini ukutani. Kisha brashi, sabuni na maji ya moto, hasa shingoni na kwenye mpira wa mfuniko; klorini baadaye, halafu keni ikauke kichwa chini kwenye kichanja. Steelwaya huacha mikwaruzo ya kuwaficha bakteria. Madumu ya plastiki yasiyoingia mkono yaachieni maji. Baada ya wiki, pima tena pale pale shingoni.