Kupitisha Mawimbi ya Antena na ya Dishi Katika Waya Mmoja: Mwongozo kwa Nyumba za Mawe za Lamu

Kuta za nyumba za Mji wa Kale wa Lamu ni za matumbawe na chokaa, nazo ni nene, hivyo sipendi kuzitoboa pasipo lazima. Mwenye nyumba akitaka antena ya kawaida pamoja na dishi la setilaiti, mimi hupitisha waya mmoja tu wa omu 75 kutoka paani, nikayaunganisha mawimbi juu kwa dipleksa moja na kuyatenganisha chini kwa nyingine.

Jambo hili huwezekana kwa sababu ya masafa. Matangazo ya antena yako kati ya megahezi 470 na 694. Ya dishi hufika yakiwa juu mno, lakini LNB, yaani kifaa kinachokaa mbele ya dishi na kupokea mawimbi, huyateremsha: wimbi la megahezi 11,000 likipunguzwa 9,750 hushuka kwenye waya likiwa 1,250. Yote ya LNB huangukia kati ya 950 na 2,150, kwa hiyo makundi haya mawili hayakutani, na dipleksa, ambayo ni vichujio viwili ndani ya kikopo kimoja, hulirudisha kila kundi kwenye mlango wake. Splita haifai mahali pake, kwa kuwa haichagui masafa bali hugawa nguvu tu.

Hatua ya kwanza: unganisha antena peke yake, kisha dishi peke yake, na uandike ubora wa mawimbi unaoonyeshwa kwa kila kimoja. Bila kumbukumbu hii hutajua baadaye hitilafu imetoka wapi.

Hatua ya pili: juu ya paa, funga LNB kwenye mlango wa setilaiti na antena kwenye mlango wa runinga. Chumvi ya bahari hula konekta haraka, basi elekeza milango chini, zungushia utepe wa mpira, na uache waya ulegee kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji ya mvua yadondokee hapo.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wanaoanza, kwa maana wao hufikiria mawimbi yanayoshuka na kusahau umeme unaopanda. Kisimbuzi cha dishi hupeleka kwa LNB, kupitia waya huo huo, volti 13 kinapotaka mawimbi ya wima au 18 kinapotaka ya mlalo, pamoja na mlio wa kilohezi 22 kinapotaka masafa ya juu. Dipleksa zote mbili sharti zipitishe umeme upande wa setilaiti na kuuzuia upande wa antena. Katika kazi moja mtaa wa Mkomani nilifunga dipleksa inayopitisha pande zote. Umeme ukaingia kwenye antena, ikawa shoti, na kisimbuzi kikajizima. Kwa sababu hiyo hiyo, antena yenye kikuza mawimbi kinachotegemea umeme wa waya haifai hapa.

Hatua ya nne: chini, geuza dipleksa ya pili, mlango wa setilaiti uende kwenye kisimbuzi cha dishi na wa runinga kwenye king'amuzi cha antena.

Mwishowe linganisha na kumbukumbu zako. Upungufu mdogo ni wa kawaida, lakini usijaribu stesheni moja tu ya dishi: pima za wima na za mlalo, katika masafa ya chini na ya juu, kwani volti 13 yaweza kufika salama huku 18 au ule mlio ukipotea njiani.