Spika kubwa za zamani zisibanwe kwenye kona
Spika kubwa za zamani zinazosimama sakafuni hazifai kubanwa kwenye kona ya sebule, kwa sababu kuta mbili zinapokutana hukuza besi kupita kiasi, na katika nyumba za Kisumu zenye kuta za mawe na sakafu ya saruji, gita la besi la benga hugeuka mvumo mtupu unaofunika gita la solo. Zivute mbele sentimita 50 hivi kutoka ukutani, kisha uzisogeze kidogo kidogo huku ukirudia wimbo uleule, mpaka kila noti ya besi isikike peke yake. Zulia nene mbele yake hupunguza mwangwi wa sauti za juu, ingawa besi haliigusi sana. Lakini spika ya Klipschorn ya Marekani, iliyobuniwa mahsusi kwa ajili ya kona, iache konani.