Kabla ya Kuchunguzwa Tumbo kwa Upasuaji wa Tundu Dogo

Upasuaji wa uchunguzi wa tumbo kwa matundu madogo, ambao madaktari huuita laparoskopi, hufanywa pale ambapo maumivu, ugumba au uvimbe haujapata maelezo kwa vipimo vya damu na altrasaundi. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, hutobolewa tundu la kiasi cha sentimita 1 kitovuni, na tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili ukuta wake unyanyuke. Kisha huingizwa kamera nyembamba inayoonyesha viungo vya ndani kwenye skrini. Kazi yenyewe kwa kawaida haizidi saa moja. Kinachopuuzwa ni maandalizi, hasa na sisi tunaovuka kutoka Pemba kuja Unguja au kwenda Dar es Salaam, tukidhani kwamba tukishapata tarehe na nauli ya boti tumemaliza.

Mgonjwa asile chochote kwa muda usiopungua saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu ayaache saa 2 kabla, isipokuwa hospitali imemwelekeza vingine. Uji na chai ya maziwa ni chakula, na daku pia lihesabiwe. Bangili, pete, vipuli na shanga za kiunoni zivuliwe nyumbani. Hina nyeusi na rangi ya kucha zisipakwe, kwa sababu kifaa cha kupimia oksijeni hubanwa kidoleni na husoma kupitia ukucha. Kitovu kioshwe vizuri kwa sabuni. Dawa zote zitajwe, za sukari, za presheni, za kuzuia damu kuganda, na za miti shamba vilevile, wala mtu asiache dawa kwa uamuzi wake. Mwanamke anayehisi huenda ana mimba aseme mapema.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo karibu hakuna anayelitaja. Upasuaji huu ni wa kutafuta, na anayetafuta huweza kukuta. Kwa hiyo ni lazima ijulikane kabla ya usingizi nini kifanywe kitakachokutwa kikiwa hiki au kile. Mdogo wangu wa Wete aliumwa na tumbo la chini kwa miaka, picha zikisema hana kitu. Siku ya upasuaji aliletewa fomu ya ridhaa akiwa tayari yuko juu ya kitanda cha magurudumu, akatia saini palipoandikwa uchunguzi wa tumbo, na hakuna aliyemweleza zaidi. Haukupita muda mrefu daktari akatoka mlangoni, barakoa ameishusha kidevuni, akaniuliza kama mgonjwa aliwahi kusema lolote kuhusu kuondolewa kifuko cha mayai, kwa sababu amekuta uvimbe ulioshikamana nacho na huenda visitenganike. Mimi sikuwa na jibu la kumpa. Mumewe alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi, simu yake haipatikani, na hata angepatikana, mwili haukuwa wake. Daktari alifanya lililo haki: alipiga picha, akafunga. Mdogo wangu alizinduka akaambiwa kwamba ugonjwa umeonekana na bado umo, na kwamba itabidi apasuliwe tena. Fedha zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo alisubiri hadi msimu wa karafuu upite, akiumwa vilevile.

Basi maswali haya yaulizwe kliniki, siku kadhaa kabla, mgonjwa akiwa amekaa kitini na nguo zake. Mkikuta uvimbe, mtautoa papo hapo? Mtachukua kinyama cha kupima? Mrija wa uzazi ukiwa umeharibika, mtafanya nini? Damu ikitoka nyingi au makovu yakizuia kamera, mtafungua tumbo lote? Mgonjwa naye aseme wazi ni kiungo gani hataki kiguswe bila yeye kuulizwa, hasa kama bado anataka watoto, na majibu yote yaandikwe ndani ya fomu kabla ya saini.

Awepo pia mtu mzima wa kusikiliza matokeo, kwa kuwa anayetoka usingizini huitikia kila neno na asikumbuke hata moja. Ripoti iombwe kwa maandishi, na namba ya simu iachwe kwa ajili ya majibu ya kinyama.

Maumivu ya bega siku chache za mwanzo yasimtishe mtu, kwani hutokana na gesi iliyobaki chini ya kiwambo cha kupumulia. Madhara makubwa, kama kutoboka utumbo, kibofu au mshipa mkubwa wa damu, huwapata wanawake wapatao 2 katika kila 1,000. Ni machache, lakini utumbo uliotoboka huweza kujificha kwa siku kadhaa. Maumivu ya tumbo yanapaswa kupungua kila siku. Yakizidi, au zikaja homa, kutapika, tumbo kujaa au mkojo kuziba, arudi hospitali saa hiyo hiyo, asikubali kuambiwa na jirani kwamba ni gesi tu. Ndiyo maana sishauri kukimbilia boti ya kurudi Mkoani, Pemba, siku inayofuata ikiwa kuna jamaa Unguja wa kumpokea. Kwa saa 24 asiendeshe chombo wala asitie saini hati yoyote, asibebe ndoo ya maji mpaka aruhusiwe, na jeraha lisipakwe kitu ambacho hospitali haikukitoa, hata kikiletwa na mtu wa kuheshimiwa.