Rimoti ya runinga kwenye kipindi cha fizikia

Mwalimu mwenzangu, ukifika kwenye mawimbi ya sumakuumeme usiishie kuchora ubaoni. Beba rimoti ya runinga. Kabla ya kubonyeza, wanafunzi waandike daftarini wanachotarajia kuona kwenye kile kitaa cha mbele. Bonyeza: macho hayaoni kitu. Sasa washa kamera ya simu, elekeza rimoti kwenye lenzi, bonyeza tena. Kitaa kinawaka, zambarau hivi au cheupe! Ni infraredi, mawimbi ya sumakuumeme yasiyoonekana kwa macho, kwa kawaida yenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, wakati jicho letu linaishia karibu na 700. Tumia kamera ya selfi; ya nyuma mara nyingi ina kichujio kinachoizuia. Na kagua betri nyumbani. Mimi ziliniaibisha mbele ya kidato kizima.