Kupinga ada na faini kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti

Anza na majedwali ya nyuma ya mswada, ndiko pesa zilipo. Tafuta kinachokugusa, tuseme faini ya kuegesha gari vibaya, uandike: namba ya kipengele, kiwango cha sasa, kinachopendekezwa, unachotaka wewe na sababu. "Maisha ni magumu" haitoshi. Weka hesabu ya mapato yako ya siku kando ya faini hiyo.

Peleka nakala mbili kwa karani wa bunge la kaunti kabla ya siku ya mwisho iliyotangazwa. Moja igongwe muhuri, urudi nayo. Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya kinalitaka bunge hilo lishirikishe umma, kwa hiyo si hisani.

Bei ya maji usiipiganie hapo, ingawa wengi humaliza kikao cha maoni ya umma wakiizungumzia: huidhinishwa na WASREB, bodi ya kitaifa inayodhibiti huduma za maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016.