Tenisi ya wikendi: lini ulinde, lini ushambulie

Jamani sisi tunaocheza Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, pointi nyingi hatunyang'anywi na mpinzani, tunazigawa wenyewe, mpira umeishia kwenye neti au umeenda auti. Ndio maana mtu akiniuliza aanze na nini namwambia aanze na kulinda, na kulinda sio uoga.

Ukiwa nyuma ya mstari wa mwisho, au umevutwa pembeni huko na pumzi imekata, piga mpira wa juu na upige mshazari, yaani kutoka kona yako hadi kona ya mkabala. Angalia kiwanja chenyewe: neti pale katikati ina sentimita 91 ila kwenye nguzo inafika 107, halafu kwenda moja kwa moja ni mita 23.77 wakati kona kwa kona unapata kama 25, yaani mshazari unakupa neti ya chini na kiwanja kirefu kwa wakati mmoja, sasa kwa nini ung'ang'anie kupitisha kandokando ya mstari na miguu haijatulia? Pitisha mita moja hivi juu ya neti, uangukie kule ndani karibu na mstari wake wa nyuma, kisha rudi katikati haraka. Umebanwa kabisa? Toa lobu, mpira wa juu sana unaompita mpinzani kichwani, upate muda wa kurudi.

Kushambulia je? Mimi nasubiri mpira mfupi. Umedunda karibu na mstari wa sevu (sevu ni lile pigo la kuanzisha pointi), umeinuka hadi kiunoni, na wewe umeshaufikia kabla haujaanza kushuka, basi hapo ingia bila kusita. Hatua ndogondogo, bega limegeuka, raketi iko nyuma mapema, piga upande wa bekihendi yake (upande wa pili wa mkono anaoshikia raketi) na usonge mbele mpaka karibu na neti, usisimame kuangalia pigo lako! Usilenge mstari, acha kama mita moja ndani. Ila mpira ukiwa mfupi halafu uko chini magotini, hapo nguvu hazisaidii, upige slaisi ndefu tu, yaani uukate mpira kwa chini uzunguke kinyumenyume.

Na mahali pia panabadilisha mambo. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi mpira unakimbia, pigo ambalo Dar lingeangukia ndani, Nairobi linatoka nje, kwa hiyo ukipanda huko ongeza topspini (mzunguko wa kwenda mbele unaoushusha mpira haraka) kwanza kabla hujafikiria kushambulia.

Sevu ya pili, ile unayopewa ya kwanza ikikosa, usiifyatue kama ya kwanza, ipe mzunguko iingie.

Mazoezi yake: chezeni hadi 11, mnaanza kwa kurusha mpira wa mkono bila sevu, mipira minne ya mwanzo yote mshazari, baada ya hapo ruksa kushambulia. Anayekosea kwenye ile minne anapoteza pointi 2, anayemalizia mpira mfupi anapata 2. Wiki ya kwanza mtagombana sana kuhusu hesabu, endeleeni tu.